Profesa Chung Jui-mei, Aliyengoja Jibu
(1951–2023)

Ndugu, jamaa, majirani wa Lungtu, na nyinyi mliosafiri kutoka mbali kuja kumsindikiza: marehemu hakupenda mtu azungumziwe na wengine ilhali mwenyewe yupo hapo hapo. Alikuwa akiwakatalia madaktari, walimu, hata mama yake mzazi. Leo tunamzungumzia naye yupo mbele yetu, na hana budi kutuvumilia.

Profesa Chung Jui-mei alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Lungtu, Meinung, Kaohsiung, akiwa mtoto wa pili wa Bwana Chung Tien-lu na Bibi Liu Man-mei, wakulima wa tumbaku. Kaka yake, Huan-chang, alimtangulia kwa miaka mitatu. Mdogo wake, Huan-lai, ambaye kijiji kizima kinamwita A-Lai, alizaliwa mwaka 1955, majira ya kukausha tumbaku, wakati hakuna mtu mzima mwenye nafasi ya kumtazama mtoto kwa makini. Mtoto alishikwa na manjano siku zake za kwanza. Alinusurika, lakini viungo vyake havikumtii tena. Mikono ilikwenda ilikotaka yenyewe, shingo haikutulia, na sauti ilitoka bila maneno. Masikio yake yalikuwa mazima na akili yake nzima. Hilo la akili watu walichelewa sana kulijua, na wa kwanza kulijua alikuwa huyu dada yake.

Jui-mei alimlea mgongoni. Alifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti huku A-Lai amefungwa mgongoni kwake kwa kitambaa, alichota maji naye, alikwenda naye kuita kuku. Jirani akipita na kumwuliza, "Huyu naye anakula nini?", yeye hugeuza shingo nyuma na kusema, "A-Lai, unaulizwa unakula nini." Kisha hunyamaza. Jirani naye husimama, huona haya, hukohoa, huondoka zake. Bibi Liu aliambiwa mara nyingi kwamba binti yake ana kiburi na kwamba mwanamume wa kumwoa itabidi aagizwe kutoka ng'ambo.

Mwaka A-Lai alipotimiza umri wa kuanza shule, shule haikuwa na nafasi kwa mtoto kama yeye. Walisema kwa upole, wakampa mama yake chai. Jui-mei, aliyekuwa darasa la tano, alianza siku hiyo hiyo kumfundisha mwenyewe.

Yeye alisoma shule ya msingi ya Lungtu, kisha shule ya kati ya Meinung, na mwaka 1966 alichaguliwa kwenda chuo cha ualimu cha wanawake mjini Pingtung, alikohitimu mwaka 1971. Kila mwisho wa juma alipanda basi kurudi nyumbani. Kwenye ukuta wa bani la kukaushia tumbaku aliandika kwa chaki zile alama za matamshi ambazo kila mtoto wetu hujifunza kabla ya herufi za Kichina, kubwa kubwa, na akawa anapita juu yake na kijiti. A-Lai akifumba macho, kijiti kinasimama. Hivyo, alama kwa alama, baba na mama wakiwa wamekaa kwenye marobota hawaelewi kinachoendelea, A-Lai alitunga sentensi yake ya kwanza duniani. Sentensi yenyewe ilikuwa: Supu ina chumvi mno.

Bibi Liu alilia. Alipomaliza kulia akakasirika. "Miaka yote hii nampikia," alisema, "amepata mdomo leo, na la kwanza ni kunisema!" Tangu siku hiyo alipika supu ya A-Lai kando, na A-Lai akawa anaikosoa hiyo pia.

Profesa Chung alifundisha shule ya msingi huko Chishan kuanzia 1971 hadi 1976. Mwaka huo alipata nafasi ya masomo Japani, mjini Hiroshima, alikopata shahada ya uzamili mwaka 1979 na ya uzamivu mwaka 1983. Alipanga chumba kidogo juu ya duka la tofu. Alituambia baadaye kwamba katika miaka ile alijizoeza kusema kwa sauti anapoingia ndani, "Umekula?", kama tusalimianavyo kwetu, ili asisahau lugha ya nyumbani, na kwamba jambo baya halikuwa kukosa wa kumjibu, bali kwamba baada ya muda aliacha kusikiliza kama kuna atakayejibu. Huko ndiko alikoanza kuwaza nyumba. Siku moja atakuwa na nyumba yake, yenye milango mipana, na chumba kimoja kitakuwa cha A-Lai. Mtu huyu aliyefanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya watoto wa wengine, kitu alichokitaka kwa ajili yake mwenyewe kilikuwa hicho kimoja. Wote tulikijua. A-Lai alikijua kuliko wote.

Utafiti wake ulihusu kungoja. Aliingia madarasani, akakaa pembeni, akatazama walimu wanavyowauliza maswali watoto ambao maneno huwatoka kwa shida, na muda gani wanavumilia kabla ya kumjibia mtoto wao wenyewe. Alichokikuta kiliwaudhi wengi. Walimu wakali walingoja. Walioharakisha kumjibia mtoto ni wale wenye huruma, wale waliompenda, kwa sababu walishindwa kumwona akihangaika. Katika kitabu chake, *Nafasi ya Jibu*, alisema kwamba mtoto huyo hukua akijua anapendwa na asijue anachokitaka. Tena alishika msimamo kwamba mtu asiulizwe swali la ndiyo au hapana juu ya maisha yake, maana swali la namna hiyo huja na matakwa ya mwulizaji ndani yake, na asiyeweza kubishana ataitikia tu ili mkutano uishe.

Alirudi mwaka 1983 kuwa mhadhiri katika chuo kikuu cha ualimu mjini Kaohsiung, akapandishwa kuwa profesa mwaka 1995, na akastaafu mwaka 2016. Mliokuwa wanafunzi wake mnakumbuka alivyokaa: mikono juu ya magoti, uso umetulia, hatikisi hata kichwa, kwa kuwa alisema kutikisa kichwa ni kumsukuma mtu. Mlizoea kusema kwamba ukimwuliza Profesa Chung asubuhi kama amekula, jibu utalipata saa za chakula cha jioni. Aliusikia utani huo. Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alimwuliza kweli, mlangoni mwa mkahawa wa chuo, na Profesa akamtazama kimya muda mrefu hadi kijana wa watu akaanza kutokwa jasho. Kisha akasema, "Bado," akaingia kula.

Tarehe 20 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Bwana Hsieh Po-yen wa Tainan, mhandisi wa mifereji ya umwagiliaji. Bwana Hsieh yuko nasi leo, na ametuomba tuliseme hili kama lilivyokuwa. Yeye ni mtu wa maneno mengi na vicheko. Alipenda meza yenye watu na redio ikiwa imewashwa. Mke wake alimsikiliza. Alimsikiliza jioni baada ya jioni, mikono juu ya magoti. Hawakugombana wala hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1990, wakiwa mezani, alimwambia, "Mei, miaka yote hii hujawahi kunikatiza hata mara moja. Mtu anayependwa hukatizwa."

Jui-mei aliyafikiria maneno hayo, kama alivyofikiria kila neno aliloambiwa. Anasema Bwana Hsieh kwamba alipokuwa tayari kumjibu, yeye alikwisha kuhamisha vitabu vyake. Waliachana kwa amani, na kila mwaka mpya Jui-mei alimpelekea machungwa.

Baba yao alikuwa amefariki mwaka 1981. Bibi Liu alifariki tarehe 9 Novemba 1994. Hadi hapo A-Lai alikuwa akitunzwa na mama yake katika nyumba ya zamani. Sasa kazi ile ilimwangukia Huan-chang na mke wake, Yeh Feng-chiao, ambao nao hawakuwa vijana. Jui-mei alikwisha kununua nyumba ya chini mjini Kaohsiung. Alipanua milango, akajenga njia ya mteremko mlangoni, akaweka kitanda dirishani mahali penye jua la asubuhi. Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichobaki ni A-Lai kusema.

Mwaka mpya wa 1995 aliketi mbele yake na ule ubao wa plastiki angavu kama kioo aliokuja nao kutoka Japani, wenye alama zote, ambao hushikwa kati ya nyuso mbili ili msikilizaji afuate macho ya msemaji. Hakumwuliza kama anataka kuja kwake. Alimwuliza, "A-Lai, unataka kukaa wapi?"

A-Lai alitazama pembeni, mbali na ubao.

Juma lililofuata alirudi kwa basi, amebeba tambi pana za mchele alizozipenda mdogo wake. Wakala. Akauliza. A-Lai akatazama pembeni. Ikawa hivyo miezi, ikapita mwaka. Kila Jumamosi alikuja, akauliza, akangoja mpaka basi la mwisho, akaondoka. Feng-chiao alikuwa akimtazama akiwa jikoni, ana mkaa wa moto kifuani.

"Wifi, hebu niambie," alimwambia siku moja. "Unataka aje, hutaki aje?"

"Nataka."

"Basi si umwulize tu, unakuja kwangu? Atafumba macho kukubali, tumfungashie nguo, nawe ufurahi kama watu."

"Ndiyo maana siwezi kumwuliza hivyo, wifi. Kwa sababu nataka."

Feng-chiao alikwenda kumwambia mumewe kwamba elimu ikizidi nayo ni ugonjwa.

Mwaka 1996, familia iliporudi nyumbani kusafisha makaburi, Huan-chang aliona mambo yamefika mwisho. Baada ya kula alivishusha kutoka kwenye meza ya mababu, panapokaa vibao vya majina ya wafu wetu, vile vipande viwili vya mbao vilivyochongwa kama mwezi mchanga, akawasha ubani, akamwuliza mama yao mbele ya watu wote: A-Lai aende kwa dada yake? Akavirusha sakafuni. Kimoja kililala kifudifudi, kimoja chali. Mama amekubali. Akarusha tena, mama akakubali. Mara ya tatu vilianguka vile vile, na nyumba nzima ikapiga makofi. Haijawahi kutokea mama akakubali jambo moja kwa moja namna ile, hata alipokuwa hai. Feng-chiao alikwenda chumbani akaanza kukunja mashati ya A-Lai.

Jui-mei alikuwa amesimama mlangoni. Tuliokuwepo tulimwona. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa mlangoni kile alichokiota ng'ambo miaka na miaka, kimefungwa vizuri, na cha kufanya ni kunyoosha mikono tu. Akamtazama A-Lai. A-Lai alikuwa ameinamisha kichwa kadiri shingo ilivyomruhusu.

Akaenda chumbani, akachukua yale mashati mikononi mwa wifi yake, akayarudisha kabatini.

"Mama amesema mara tatu," kaka yake alimwambia kwa hasira. "Wewe ni nani wa kumkatalia mama?"

"Simkatalii mama, kaka. Lakini mimi sikumwuliza mama."

"Unajifanya unamheshimu. Unamtesa. Unatutesa sote."

Jui-mei alipanda basi la saa nane siku hiyo, mapema kuliko kawaida. Kwa miaka mingi baadaye Huan-chang hakuweza kulitaja jambo lile bila kupandisha sauti, na ni yeye aliyetaka liandikwe humu.

Jumamosi moja ya mvua, mwezi Mei mwaka huo huo, Jui-mei aliuliza tena, na A-Lai akainua macho kwenye ubao. Ilichukua mchana wote, kwa kuwa shingo yake ilikuwa mbaya siku hiyo. Alisema: Si kwa kaka. Si kwako. Kwangu.

Dada yake alisoma kila alama kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yao, bila kumalizia neno lolote kabla yake. Kisha akamwuliza kwa nini si kwake. A-Lai akasema: Kwako kimya. Nataka kelele.

Aliutua ubao. Akasema, "Sawa, nimekusikia." Akamlisha, akamfuta mdomo, akaenda kituoni na mvua ile.

Wasomi wanajua yaliyofuata kwa kuwa aliyaandika vitabuni: jinsi alivyotafuta nyumba, alivyogombana na wenye nyumba waliosema mtu kama yule ataiunguza, alivyokusanya wasaidizi wa zamu na kuwafundisha kwamba mwajiri wao ni A-Lai na si yeye. Mwezi Septemba 1997 A-Lai alihamia nyumba yake katika kichochoro nyuma ya soko la Meinung, uso kwa uso na duka la tambi la Bibi Ku, ambako masufuria na matusi huanza kabla ya mapambazuko. Hapo ameishi hadi leo. Wengine wengi wenye ulemavu wamepata nyumba zao kwa kufuata njia ile. Kwenye mikutano, Japani na Korea, watu walisimama kumpigia makofi Profesa Chung kwa ajili ya nyumba ile. Yeye alirudi kwake, kwenye milango mipana. Kile kitanda cha dirishani hakukiondoa, wala hakumlaza mgeni juu yake. Alibadilisha mashuka yake kila majira, akaketi sebuleni, akasahihisha kazi za wanafunzi.

Mwezi Oktoba 2022 alianza kukohoa, na madaktari wakagundua saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Alitibiwa hospitalini mjini Kaohsiung. Wauguzi walimpenda kwa sababu hakuita mtu. Feng-chiao ndiye aliyekaa naye, akimpikia uji wa kuku na kumsema kwa kutokula.

Hapo lilikuwepo jambo ambalo wakubwa walilijua na hawakulisema. Binti akiolewa, jina lake huwa la meza ya mababu wa mumewe. Akiachika, halirudi kwa baba yake. Jui-mei hakuwa na meza ya kuwekewa kibao chake. Huan-chang alikosa usingizi. Alikuwa ameazimia kungoja mambo yaishe, kisha amwulize kwa vile vipande vya mbao.

Mwezi Aprili mwaka huu A-Lai alikuja hospitalini kwa gari lenye lifti, na wasaidizi wawili. Msaidizi mmoja alishika ubao, na A-Lai akamwuliza dada yake: Unataka kukaa wapi?

Feng-chiao alimkaripia pale pale. "Huna adabu wewe. Mgonjwa haulizwi hivyo."

"Mwache, wifi," Jui-mei alisema. "Ameuliza vizuri."

Akafumba macho. Mchana ukapita, dawa zikaletwa, msaidizi akanunua chai akarudi, na A-Lai hakutazama pembeni hata kidogo. Sisi tuliokuwepo tulitaka kumjibia. Tulikuwa na majibu mazuri. Lakini A-Lai alikuwa amekaa pale kama alivyofundishwa, tukaona haya.

Jioni Jui-mei akafumbua macho. Hakujibu swali. Alisema, taratibu, kwa pumzi aliyokuwa nayo, "A-Lai, mimi nilitaka useme kwangu."

Msaidizi aliinua ubao. A-Lai alisema: Najua. Ndiyo maana nilikawia kujibu.

Jui-mei alimtazama mdogo wake, na machozi yalimtoka akayaacha yashuke.

"Kwako kuna kelele," alisema hatimaye.

A-Lai alifumba macho, ndiyo.

"Yule Bibi Ku anatukana tangu alfajiri."

Ndiyo.

"Basi," alisema. "Kwako."

Profesa Chung Jui-mei alifariki dunia tarehe 3 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Kibao chenye jina lake hakitauliziwa kwa mababu. Kitakaa kwenye rafu ambayo A-Lai ameagiza itengenezwe ukutani kwake, upande wa barabarani, dirisha likiwa wazi. Mnaopita sokoni karibuni ndani. Mwenye nyumba amesema msinong'one.

Ameacha kaka yake Chung Huan-chang na wifi yake Yeh Feng-chiao. Mdogo wake Chung Huan-lai. Wapwa wake Chung I-hua, anayewasomea haya, na Chung Yu-tan. Bwana Hsieh Po-yen. Pamoja na wanafunzi wake, ambao aliwaita kwa majina yao kamili na kamwe hakuwamalizia sentensi.

Apumzike kwa amani, na pasiwe na mtu wa kumharakisha.